MiG ya sentimita 10: anga la vita vyetu linavyoweza kuundwa Singida

Ndege ya kivita aina ya MiG-21 ina upana wa mita 7.15 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili. Ugawe upana huo kwa 72, unabaki na sentimita 9.9, na ndege nzima inakaa juu ya kiganja cha mtu mzima. Ndani ya sentimita hizo muundaji makini huweka kiti cha rubani na mikanda yake, dashibodi yenye saa na vipimo, magurudumu, bomba la injini lililobabuka kwa moto, na namba za ubavuni ambazo huenda ukahitaji kioo cha kukuzia ili uzisome.

Kazi hii ya kuunda na kupaka rangi ndege ndogo za vita ina mashabiki katika nchi nyingi. Chama chao cha kimataifa, IPMS, kilianzia Uingereza mwaka 1963. Nchini Japani, mji wa Shizuoka hufanya maonyesho yake mwezi Mei, na wageni humiminika kutazama makasha mapya ya vipande vya kuunda, ya Tamiya, Hasegawa na viwanda vingine vya eneo hilo.

Singida mjini, kati ya ziwa Singidani na ziwa Kindai, makasha hayo si bidhaa ya kuulizia dukani. Anayeyataka huagiza mbali na kusubiri. Lakini mkoa huu una vitu viwili visivyoagizwa kwa posta. Una mafundi waliozoea puti, msasa na spreyi, na una wazee wanaovikumbuka vita vya Kagera, ambavyo ndege zake, hadi leo, huundwa zaidi na watu wa mbali. Vitu hivyo viwili vikikutana mezani, kinachotoka si pambo la kabati tu. Kinatoka kipande cha historia ya Tanzania kilichopimwa, kikaulizwa maswali na kujibiwa kwa mikono.

FUNDI RANGI ANAIJUA NUSU YA KAZI

Aliyewahi kusimama gereji akitazama gari lililogongwa likirudishwa hali yake ameshaiona nusu ya kazi hii. Fundi hujaza puti palipobonyea, huiacha ikauke, hupiga msasa mkavu kisha msasa laini wa maji, hupaka praima, hukagua kwa mwanga wa pembeni, na akiona alama hurudia. Rangi yenyewe huja mwishoni, kwa makoti membamba, ikiwa imekatwa kwa thina. Muundaji wa ndege ndogo hufuata utaratibu huo huo. Kinachobadilika ni ukubwa: ufa anaouziba ni mwembamba kuliko unywele, msasa wake ni namba 800, 1000 hadi 2000, na bomba lake la kupulizia rangi lina tundu la milimita 0.2 au 0.3.

Vipande vya ndani ya kasha huja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki. Havikwanyuliwi kwa vidole. Hukatwa kwa koleo ndogo yenye makali, kisha kibaki cha pembeni huondolewa kwa kisu na msasa. Kila kipande hujaribiwa mahali pake kabla gundi haijafunguliwa, maana kosa la vipimo likigunduliwa mapema hurekebishwa kwa msasa wa dakika mbili, na likigunduliwa baada ya gundi huharibu jioni nzima.

Gundi yenyewe ina tabia yake. Haishiki plastiki juu juu; huiyeyusha. Nyuso mbili hulainika, huchanganyika, na kimiminika kikishapotea hewani hubaki kipande kimoja, sawasawa na chuma kilichochomelewa. Ndiyo maana tone likianguka juu ya kioo cha rubani halifutiki: limeshakula plastiki. Kwa vioo mafundi wengi hutumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya seremala, kwa sababu ikikauka huwa angavu na haidhuru kitu.

Chumba cha rubani huundwa na kupakwa rangi kwanza, kwa kuwa pande mbili za kiwiliwili zikishafungwa hakuna mkono utakaoingia tena. Ndege yenye gurudumu la mbele hutiwa uzito puani kabla ya kufungwa, la sivyo huketi kwa mkia siku ya kwanza ya kusimama. Chubwi za wavuvi zinatosha kwa kazi hiyo. Risasi ya chubwi ni sumu, hivyo mikono huoshwa baada ya kuzishika, na thina haivutwi ndani ya chumba kilichofungwa.

Alama za jeshi huja kwenye karatasi maalumu ya stika za maji. Stika huloweshwa kidogo, huteleza kutoka kwenye karatasi, husukumwa kwa brashi hadi mahali pake. Ikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, yenye mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, hewa hubaki chini yake na kuimetesha kama fedha, na ukweli wote wa ndege hupotea hapo. Dawa ni vanishi ya kung'aa kwanza, kisha stika, kisha rangi nyeusi iliyokatwa sana ipitishwe kwenye mistari ya mabati ili ionekane, na mwisho vanishi isiyong'aa ifunike yote.

Hali ya hewa ya Singida ina masharti yake. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni haba, upepo ni mkali, na vumbi husafiri. Punje moja ya vumbi juu ya bawa la sentimita 5, kwa kipimo cha 1:72, ni sawa na kokoto juu ya ndege halisi. Koti la rangi hupigwa alfajiri kabla upepo haujaamka, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji, na ndege hufunikwa kwa boksi safi papo hapo. Ukavu wa hewa una faida, kwani rangi hukauka upesi na kupokea koti la pili bila kuchelewa, lakini rangi za maji huweza kukauka hata kwenye ncha ya brashi. Mwenye brashi mkononi hufanya kazi kwa vipande vidogo na kuilowesha brashi yake kila mara.

MTU WA FUTI SITA KWA INCHI MOJA

Kipimo cha 1:72 hakikuanguka kutoka mbinguni. Kinatokana na hesabu ya Waingereza ya futi na inchi: futi 6 ni inchi 72, hivyo mtu mwenye urefu wa futi 6 anakuwa inchi 1 kamili, na kila kitu kingine kinamfuata. Mwaka 1932 kampuni ya Skybirds ya Uingereza ilianza kuuza ndege za mbao kwa kipimo hicho. Mwaka 1936 ikaja Frog na mfululizo wake wa plastiki ulioitwa Penguin, na miongoni mwa ndege za kwanza ilikuwamo Gloster Gladiator, ndege ya mabawa mawili juu na chini ambayo habari zake zitarudi katika makala hii.

Airfix, jina linalojulikana kuliko yote katika kazi hii, ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria. Wakati wa miaka ya 1950 kampuni hiyo ilianza kuuza ndege za bei nafuu katika vifuko vidogo, Spitfire ikiwa ya mwanzo, na watoto waliozaliwa wakati wa vita wakaziunda juu ya meza za jikoni. Upande wa pili wa dunia, Tamiya ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao pale Shizuoka. Ikahamia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato.

Kwa walimu wa Singida, hata hivyo, mfano wenye manufaa zaidi ni wa shule za Marekani mwaka 1942. Nchi hiyo ilikuwa imeingia vitani wiki chache tu kabla yake. Jeshi lake la majini liliomba wanafunzi wa sekondari wachonge modeli 500,000 za mbao, za aina 50 za ndege, za marafiki na za maadui, zote kwa kipimo cha 1:72 na zote zipakwe nyeusi. Hazikuwa za kuchezea. Marubani, wapiga mizinga na raia waliolinda anga walizitumia kujifunza kutambua ndege kwa umbo lake. Hesabu inaeleza kwa nini: modeli ya 1:72 ukiitazama kutoka mita 10, jicho huiona kwa ukubwa wa ndege halisi iliyo umbali wa mita 720.

ANGA LILILOPITA JUU YA AFRIKA MASHARIKI

Makasha mengi yanayouzwa duniani husimulia vita vya Ulaya na Pasifiki. Anayeunda akiwa Tanzania ana sababu ya kuchagua tofauti, kwa kuwa hadithi zinazomhusu ni nyingi, na ndege zake zinapatikana katika makasha ya kawaida.

Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kuifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Vita vilipozuka akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa mita 1.98, na alipokaa katika ndege ya mafunzo kichwa chake kilitokeza juu ya kioo cha kukinga upepo. Septemba 19, 1940 alikuwa akirusha Gladiator kwenda kuungana na kikosi chake, namba 80, katika jangwa la magharibi mwa Misri. Akaanguka, fuvu likapasuka, na kwa muda akawa haoni. Aprili 1941 alikuwa Ugiriki tayari, safari hii ndani ya Hurricane. Gladiator yenye upana wa mita 9.83 huwa sentimita 13.7 kwa kipimo cha 1:72, na Airfix imeitoa upya katika karne hii. Rangi zake ndizo zinazosimulia: mabaka ya mahali pa mchanga hayafanani na ya kijani yaliyofaa mashamba ya Uingereza.

Mwaka huo huo, Machi 15, 1941, karibu na Diredawa nchini Ethiopia, Kapteni John Frost wa jeshi la anga la Afrika Kusini aliangushwa jirani na uwanja wa Waitaliano. Luteni Robert Kershaw alitua na Hurricane yake, ndege ya mtu mmoja, akamchukua. Frost akakaa mapajani mwa Kershaw na wakaruka pamoja hadi salama. Kershaw alitunukiwa nishani ya DSO. Chini ya anga hilo walikuwamo askari wa King's African Rifles, na kikosi cha 6 cha jeshi hilo kilikuwa cha Tanganyika. Waliowashambulia au kuwalinda kutoka juu walikuwa ndani ya Hurricane, ndani ya Gladiator, na kwa upande wa Italia ndani ya Fiat CR.42, ndege nyingine ya mabawa mawili. Mtu anayeziweka CR.42 na Hurricane pamoja kwenye rafu moja anaona kwa macho namna teknolojia ilivyokuwa ikibadilika vita vikiwa vinaendelea: moja ina magurudumu yasiyokunjwa na chumba cha rubani kilicho wazi, nyingine inakunja magurudumu na kumfunika rubani kwa kioo.

Mwaka 1942 manowari za Uingereza zenye kubeba ndege zilitumia bandari ya Kilindini, Mombasa, na vituo vya ndege vya jeshi la majini vikafunguliwa nchi kavu: Korongo huko Nairobi, Kipanga upande wa Mombasa, na Kilele mjini Tanga. Mei 5 mwaka huo ndege za Martlet kutoka manowari Illustrious ziliruka juu ya Diego Suarez, Madagaska, na Septemba brigedi ya Waafrika Mashariki ikashuka Majunga.

Halafu kuna vita vya Watanzania wenyewe.

MUSOMA NA SWALI LA UMBO

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera, na ndege zake zikashambulia upande wa Bukoba. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Tanzania ilikuwa na ndege za Kichina zilizotokana na MiG-17 na MiG-19, pamoja na MiG-21 za Kisovieti. Kwa maneno mengine, mabawa yaliyokuwa hewani upande huu na upande ule yalifanana. Mwanzoni mwa vita, walinzi wa anga karibu na Musoma walidungua kimakosa ndege za Tanzania yenyewe. Modeli nyeusi za shule za Marekani zisingewasaidia vya kutosha hapo, kwa sababu umbo peke yake halikutofautisha rafiki na adui. Kilichotofautisha ni alama na rangi, na mtu aliye chini ana sekunde chache tu za kuziona.

Muundaji anayeweka stika kwenye bawa la MiG-21 hukutana na jambo hilo kwa vidole vyake. Plastiki ni ile ile, mistari ya mabati ni ile ile. Alama ya sentimita moja ndiyo inayoamua ndege hiyo ni ya nani.

Askari na zana zilizotoka Dar es Salaam kwa treni kwenda Mwanza zilipita Manyoni na Itigi, mkoani Singida, maana reli ya kwenda huko haina njia nyingine. Machi 29, 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilijaribu kulipua ghala la mafuta la Mwanza ili kumsaidia Amin. Mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Siku chache baadaye MiG za Tanzania zililipiza kwa kushambulia Uganda, Kampala na Jinja zikiwa miongoni mwa shabaha. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

MiG-21 ni ndege ya kivita iliyotengenezwa kwa wingi usio wa kawaida, zaidi ya 10,000, na makasha yake ni mengi vivyo hivyo. Kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Cheki ina MiG-21MF kwa 1:48 na kwa 1:72, yenye maelezo ya kina hadi misumari ya mabati. Plastiki ya kuunda ndege ya vita vya Kagera ipo. Upungufu uko kwenye taarifa ambazo ni za Watanzania kuzitoa.

Na taarifa hizo si mapambo. Chini ya ndege hizo kulikuwa na watu wa Kyaka na Bukoba waliokimbia, na baadaye watu wa Jinja na Kampala. Anayebandika bomu dogo chini ya bawa ana wajibu wa kujua bomu halisi liliangukia wapi na nani alikuwa pale. Klabu ya historia ya sekondari inayoweka maelezo hayo kwenye kadi mbele ya modeli inaifanya kazi hii iwe somo, na mtoto anayeitazama hatoki pale akidhani vita ni mchezo.

KWA KUANZIA

Mwanafunzi wa Iramba au Manyoni hahitaji kusubiri kasha kutoka Ulaya. Watoto wa vijijini huunda magari na ndege kwa mabua ya mtama, waya na makopo, na mikono hiyo ina uzoefu tayari. Inachohitaji ni kipimo. Njia ya shule za Marekani bado inafaa: kipande cha mbao laini ya paini, mchoro wa ubavu upande mmoja na mchoro wa juu upande wa pili, msumeno, kisha kisu, tupa na msasa. Vigezo vya karatasi ngumu hukatwa kwa umbo la kiwiliwili katika sehemu tano au sita, na kila kimoja hukandamizwa mahali pake hadi mwanga usipenye kati ya karatasi na mbao.

Hesabu ni za darasani. Kwa 1:48, Hurricane yenye mita 12.19 inakuwa sentimita 25.4. MiG-17 yenye mita 9.63 inakuwa sentimita 20. MiG-21 inakuwa karibu sentimita 15, na kwa kuwa mabawa yake ni pembetatu mbili, ndiyo rahisi kuchonga kwa anayeanza. Kwa rangi, kopo dogo la dukani na brashi nzuri ya mchora mabango vinatosha kwa ndege ya kwanza. Bomba la kupulizia na kompresa ni vya baadaye. Rangi ichanganywe na nyeupe kidogo, kwa sababu rangi ile ile ikiwekwa juu ya kitu kidogo jicho huiona nyeusi zaidi kuliko ilivyo juu ya ndege kubwa.

Vyuo vya ufundi kama VETA Singida vina meza, majiliwa na walimu wa kuifanya kazi hii kwa muhula mmoja: seremala achonge, fundi rangi apulize, mchora mabango aandike namba, na mwalimu wa historia aandike kadi. Ndege nne zinatosha kusimulia habari nzima: Gladiator, Hurricane, CR.42 na MiG-21.

Haraka iko kwa wazee. Kijana wa miaka 20 aliyekwenda Kagera mwaka 1978 leo amevuka miaka 65. Miongoni mwa askari na mgambo waliorudi mikoani huenda wako waliozisukuma ndege hizo uwanjani Mwanza, waliozijaza mafuta, waliozilinda usiku. Maswali ya kuwauliza ni mahususi. Je, mabati yaliachwa meupe au yalipakwa mabaka? Mabaka yalikuwa ya rangi ngapi? Namba ziliandikwa chini ya chumba cha rubani au mkiani, na kwa rangi gani? Alama ya taifa ilikaa juu ya bawa, chini yake, au pande zote mbili? Ndani ya mashimo ya magurudumu kulikuwa na rangi gani? Majibu yakiandikwa pamoja na jina la kituo na mwaka, yakalinganishwa na picha za familia zilizobaki masandukuni, mchora mabango wa Singida atakuwa na anachohitaji kuchora alama za MiG ya Tanzania kwa rula na brashi ya unywele mwembamba, katika sentimita 10.